Kabla ya Chumba cha Radi

Nekesa wangu,

Salamu sikupi, maana uko hapo sebuleni na ninakusikia ukicheka na mgeni wako, huyo mtakayesoma naye chuoni. Mimi niko jikoni. Viazi alivyoleta Chemutai kutoka kwao Kuresoi viko motoni, na kwa ukubwa ule vitachukua muda kuiva, basi nimeona niandike. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako, chini ya sweta ya kijani, uikute kesho mkishafika Eldoret. Uso kwa uso siwezi. Nikianza kusema nitalia, na nikilia utaniambia, "Mum, si nilikuambia usianze," halafu yote niliyotaka kusema yatapotea.

Mambo ya kufua, kupika na kufunga mlango sitayaandika. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa habari ya soksi zako, nimeuachia ulimwengu, maana mimi nimejaribu nikashindwa.

Ninaandika kwa sababu ninaogopa. Acha niseme hivyo bila kuzunguka. Tangu siku ile ulipoambiwa umepata nafasi chuoni, kila ukikunja nguo ukaiweka ndani ya sanduku ninageuka nisione. Ninaogopa utaanguka. Ninakuona umeanguka bafuni, mlango umefungwa kwa ndani, na huko nje wasichana wamepanga foleni na ndoo zao wanagonga, wakidhani unawaringia na maji. Ninaliona jambo hilo nikiwa ninapima maziwa, nikiwa kanisani, hata sasa nikiangalia hii sufuria.

Na leo asubuhi, ulipokuwa ukipiga mswaki, nilirudia lile neno ambalo nimekuwa nikikuambia miaka hii yote. Usimwambie. Mtalala chumba kimoja na Chemutai, mtapika sufuria moja, mtaazimana viatu, lakini usimwambie kwamba una kifafa. Ulitema dawa ya meno, ukaniangalia kupitia kioo, ukaenda zako. Yale macho yamenisumbua mchana kutwa. Ndiyo maana nimechukua kalamu, nikueleze kwa nini nasema hivyo, ili usidhani ninakuonea haya.

Jinsi ilivyoanza wewe huikumbuki. Huwa hukumbuki, mimi ndiye ninayekumbuka kwa niaba yako. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Shangazi yako alikuwa amekuachia laptop yake kuukuu, na kijana wa saiba, pale wanapokodisha kompyuta, akakuwekea gemu moja ya bei ya sahani ya chipsi. Nilipoiona nilicheka. Siku hizi kuna gemu ambazo watu wake wana hadi vinyweleo vya mikono, na wewe ulikuwa umelipia kijitu cha vipande vya mraba, kimevaa kofia ya mchimba madini, kinakimbia na kuruka gizani kikitafuta funguo. Rangi chache, muziki kama wa kinanda kinachopigwa kwa kidole kimoja.

"Imetengenezwa juzi tu, lakini wameifanya kama zile za kompyuta za kwanza," ukanieleza, umefurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. "Hakuna kusave, mum. Maisha yakiisha unaanza mwanzo."

Nikasema huo ni uonevu. Kile kijitu tukakiita Kofia.

Siku hiyo ulikuwa umemfikisha Kofia mlangoni. Katika gemu ile, ukimaliza chumba kioo chote huwaka na kuzima, nyeupe nyeusi, nyeupe nyeusi, upesi upesi. Nilisikia kiti kikianguka. Nilikukuta sakafuni, mwili wote unatetemeka, macho yamegeuka, na mimi nikafanya kama nilivyomwona mama yangu akimfanyia jirani kule Bungoma nikiwa mdogo: nikachukua kijiko nikakiingiza kati ya meno yako. Ndipo lile jino la mbele likavunjika ncha. Watu husema hilo pengo dogo linakupendeza, na kweli linakupendeza, lakini mimi kila ukicheka ninakiona kijiko.

Halafu jirani, Mama Brayo, alisikia kishindo akaja mbio. "Mama Nekesa! Kuna nini huko?" Nami nikauegemea mlango kwa mgongo, nikapaza sauti: "Ni malaria tu! Imempanda kichwa!" Wewe ulikuwa chini, nyuma ya miguu yangu. Mlango ndio nilioushika kwa mikono miwili, na mtoto nikamwacha sakafuni. Nimeshafikiria sana jambo hilo. Nilikuwa naogopa nini zaidi, ugonjwa ama Mama Brayo? Sipendi jibu ninalolipata.

Kuna mambo ulinifundisha kuyaogopa hata zaidi, na si makosa yako. Ulipokwenda shule ya bweni nilimwambia mwalimu mmoja, kwa siri, na siri yenyewe haikumaliza wiki. Ukaanguka paredi, mbele ya shule nzima. Kikombe chako kikawekwa kando, dirishani, peke yake. Msichana aliyelala kitanda cha juu yako akahama. Wakasema wakiguswa na povu la mdomo wako, ugonjwa utawaingia na wao. Uliporudi nyumbani hukulia. Ulikitoa kile kikombe kwenye mfuko, ukakiweka juu ya meza, ukasema, "Hii ni yangu peke yangu." Mimi ndiye niliyelia, huku nikijifanya ninakatakata vitunguu. Nikakuhamishia shule ya kutwa, na nikaapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayesikia habari hii kutoka nyumba hii. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, Nekesa. Mimi hata nikiona kamba ya viatu nashtuka.

Ndipo nikakupeleka kliniki, na yule nesi alitusaidia sana, Mungu ambariki. Alinipa pole kwanza, halafu akanikaripia habari ya kijiko. Akasema kifafa hakiambukizi. Akasema dawa kila siku, hata ukijiona mzima kama chuma. Na kwa habari ya kioo, akasema ukae mbali nacho, taa ya chumba iwe inawaka, usicheze ukiwa umechoka, na mwanga ukianza kuwaka na kuzima ufunike jicho moja kwa kiganja, ugeuze uso.

"Jicho moja?" nikamuuliza. "Si afunge yote mawili?"

"Funika moja, mama. Mwanga ukiingia kwa jicho moja haumsumbui kama ukiingia kwa yote mawili."

Tuliporudi nyumbani nilitaka kuitupa ile laptop kwenye shimo la takataka. Ukaniambia, "Mum, hata hiyo utaninyima?" Hukupiga kelele. Ulikuwa umeshanyimwa bweni, umenyimwa kuogelea, umenyimwa hata kupanda mti wa jirani. Nikasema sawa, lakini mimi nitatangulia. Nitaingia kila chumba kabla yako nione kama kinawaka.

Basi ndivyo mwanamke mzima nilivyoanza kubeba laptop kwenda nayo kibandani kwangu kuuza maziwa huku nikirusha kijitu. Ulikuwa shuleni, hukuona aibu niliyopata. Mteja anakuja: "Mathe, niwekee ya hamsini." Namwambia, "Ngoja, niko juu ya ngazi." Yule kijana wa pikipiki anayeleta maziwa kutoka Dundori alikuwa akisimama na mitungi yake akiangalia juu ya bega langu. "Aki mathe, ruka! Hii maziwa itaganda nikingoja huyo jamaa wako avuke!" Siku nyingine nilisikia watu wawili nje wakiulizana, "Mama Maziwa ako?" na mwenzake akajibu, "Ako, lakini amekufa tena."

Kofia wangu alikuwa mwoga kama mwenye kumwendesha. Nilikuwa nikimfikisha mahali salama, kwenye kijiukingo ambapo popo hawafiki, nikamwacha hapo nikipima kila kitu kwa macho. Popo anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Nikawa ninasema acha apite tena mara moja. Lakini unajua katika gemu ile kuna kile kipimo cha hewa pale chini, kinapungua polepole. Kofia wangu hakuwa akiuawa na popo. Alikuwa akiishiwa na hewa amesimama mahali salama. Sikuambii hivyo nikufundishe kitu, ninakuambia kwa sababu iliniudhi vibaya sana.

Hata hivyo nilivijua vyumba. Chumba cha ngazi hakiwaki mpaka mlangoni. Cha popo vivyo hivyo. Lakini kile kinachofuata, chumba cha radi, nilipokiingia mara ya kwanza nilifunga laptop kwa kishindo mpaka mteja akaruka. Kile kinawaka na kuzima kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikakuambia hicho usikanyage. Ukaniambia bila kukipita hicho huwezi kwenda mbele, na mikono yako yote miwili iko kwenye vibonyezo, sasa utafunika jicho na nini?

Nikakufunika mimi. Nilikaa nyuma yako, kiganja changu kikawa juu ya jicho lako la kushoto. Ukaruka, ukapiga kelele, "Mum! Mikono yako ni barafu!" na Kofia akatumbukia shimoni. Ni kweli, mikono yangu ilikuwa imeshinda ndani ya friji ya maziwa. Tangu siku hiyo nikajifunza kuishika thamosi kwanza mpaka viganja vipate moto. Na nikajifunza mkono uwe kama kikombe, usibonyeze jicho, vidole vifunge pembeni mwanga usipenye. Nilikuwa nikihisi kope zako zikicheza kiganjani. Sijui kama nimewahi kukuambia kwamba huo ndio wakati ambao siogopi. Mkono wangu ukiwa hapo ninajua uko wapi, ninajua unapumua, na radi ipige ikitaka.

Baba yako akirudi Jumamosi kutoka Elburgon, vumbi la mbao kwenye nywele, alikuwa akitukuta hivyo, anatikisa kichwa. Wiki jana alituangalia kwa muda, akaniuliza, "Sasa huko chuo ataenda na mkono wako kwa begi?" Alikuwa anatania. Mimi nilikwenda kusimama karibu na tangi nikajifanya ninateka maji.

Maana hapo ndipo ninapokwama. Umechagua kozi ya kompyuta. Kati ya kozi zote, mwanangu, umechagua kukaa mbele ya kioo mchana kutwa. Na mkono wangu hauna nafasi kwenye begi. Nikikuambia unyamaze, ninakuacha uanguke kati ya watu wasiojua wakufanyie nini, na mmoja wao hakika atakimbilia kijiko. Nikikuambia useme, ninakiona kile kikombe dirishani, na safari hii hutakuwa karibu na mimi uje ukiweke mezani kwangu. Nimelizungusha jambo hili mpaka kichwa kinauma, na kila nikifika mwisho ninarudi pale pale: usimwambie. Angalau kwanza mjuane. Angalau muhula mmoja upite. Mwache apite popo mara moja zaidi.

Ngoja. Ninasikia muziki wa Kofia.

Umemfungulia Chemutai gemu. Anapiga kelele, "Ruka! Wewe, ruka! Aai, atakufa!" Anapiga kelele kunishinda. Muziki wa ngazi umekwisha, sasa ni wa popo. Umeshakuwa hodari wewe, cha popo hakikuchukui muda siku hizi. Na baada ya popo ninajua kinachofuata, nawe unajua, na yeye amekaa hapo kando yako hajui lolote.

Nimeshika thamosi kwa mkono wa kushoto nikiandika kwa wa kulia. Nikija kukufunika jicho ataniuliza kwa nini. Nisipokuja, Nekesa, umechoka, umepaki nguo tangu asubuhi, nesi alisema usicheze umechoka.

Ninakuja.

*

Nimerudi. Utanisamehe mwandiko.

Nitakueleza nilivyotaka kufanya, ucheke. Nilikuwa nimeshapanga uongo mwingine. Nilitaka kuingia niseme, "Hebu nikupime homa, naona macho yako mekundu," halafu niuache mkono hapo usoni kwako mpaka chumba kiishe. Malaria tena, baada ya miaka yote hii. Nilifika kwenye pazia, viganja vina moto tayari, na muziki ukanyamaza. Ulikuwa umeisimamisha gemu.

"Chemu, ngoja kidogo," ukasema. "Kuna kitu nataka kukuambia kabla tuingie hapo."

Nilishika ukingo wa pazia. Ningeweza kuingia. Ningeweza kuangusha sufuria, kuwaita mle, kusema chochote. Sikufanya hata moja.

"Mimi niko na kifafa," ukasema.

Sijawahi kulisikia neno hilo kwa sauti ndani ya sebule ile. Mimi huliita "ile shida". Baba yako huliita "hiyo kitu". Wewe ulilisema kama mtu anayetaja jina lake. Mvua ilikuwa inapiga mabati na nikaomba ipige zaidi, labda hakusikia.

Kwenye mwanya wa pazia nilikuwa ninamwona Chemutai peke yake. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, kile cha maua ya buluu nilichompa. Akasogea. Nilimwona kwa macho yangu akiinuka kidogo kutoka pale alipokuwa amekuegemea, akasogea mbali nawe, na moyo wangu ukasema, haya, ni kile kile. Nikaanza kutafuta maneno ya kumrudisha kwao na viazi vyake.

Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka chai. Akainama, akakiweka kikombe sakafuni karibu na chako, akarudi kukaa.

"Sasa hapo kwa gemu inakuwaje?" akauliza.

"Inawaka-waka. Inafaa mtu anifunike jicho moja na mkono, juu mimi nashika keyboard."

"Jicho gani?"

Basi. Jicho gani. Miaka hii yote ninajiandaa kwa kila jibu ambalo mtu anaweza kutoa, na hilo halikuwemo.

Halafu akakuuliza, "Na ukianguka je? Nifanye nini?" Ukamjibu pole pole kama mwalimu: "Unanilaza kwa ubavu. Unatoa vitu zenye naweza gonga. Unaangalia saa. Ikipita dakika tano unaita watu tuende hosi. Na usiniwekee kijiko kwa mdomo."

"Kijiko ya nini tena?"

"Hiyo ni story refu," ukasema, na mkacheka wote wawili.

Hukunitaja. Ungeweza kusema ni mama yangu aliyenivunja jino, na ingekuwa haki yako. Nilisimama nyuma ya pazia na viganja vyangu vya moto visivyo na kazi, nikalia kimya, na safari hii hapakuwa na vitunguu. Ukutani niliona mwanga wa radi ukianza, nyeupe nyeusi, nyeupe nyeusi. Kila ulipowaka nilihesabu pumzi yako. Nilitaka kuingia. Nilikuwa na mguu mmoja tayari upande wa pili wa pazia. Nikaurudisha, nikaja hapa jikoni nikakaa.

Usidhani nimepona woga. Bado ninaogopa, pengine hata zaidi, kwa sababu sasa kuna mtu anajua na sina uwezo naye. Chemutai anaweza kubadilika kesho. Anaweza kumwambia mwingine, na huyo mwingine akamwambia wa tatu ambaye atakitenga kikombe chako. Linaweza kutokea, na likitokea mimi nitakuwa hapa ninapima maziwa. Nitakuwa nikikupigia simu kila jioni na utachoka nami. Vumilia tu, uipokee. Ukiona nimekuuliza umekula nini, ujue sitaki kujua umekula nini.

Lakini lile neno la asubuhi nimelirudisha. Nilikuambia unyamaze kwa ajili ya woga wangu, ukakataa bila kunivunjia heshima, ukangoja mpaka pale ambapo ilibidi, ukasema. Sijui ulijifunza wapi. Kwangu hukujifunza.

Viazi vimeiva, maji yamekauka na kimoja kimeanza kushika sufuria. Nitawaita sasa hivi, nitaosha uso kwanza. Nitawapakulia na sitasema nimesikia chochote. Utaniangalia kwa yale macho yako na nitajifanya ninatafuta chumvi.

Kuna jambo moja tu la kazi. Kabla sijaondoka pale kwenye pazia nilikusikia ukiguta, "Aai, Chemu, mkono yako iko baridi!" na Kofia akafa. Mwambie asibonyeze jicho, mkono uwe kama kikombe, vidole vifunge pembeni. Na Eldoret kuna baridi kuliko hapa, kwa hiyo apashe viganja moto kwanza. Tukishamaliza chai ya usiku huu nitaisuuza thamosi yangu niifunge kwenye ile leso ya zambarau. Utaikuta humo sandukuni, karibu na barua hii. Mpe yeye.

Mama yako